Nakala Ibaki Kampala Kabla Kitu Hakijasafiri

Ndugu Mhariri,

Tangu vitu 39 vya kale vilipotua Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Juni 2024, kwa mkopo wa miaka mitatu ya mwanzo, mazungumzo mengi yamezunguka swali moja: ni mali ya nani? Swali hilo ni la haki na lisiachwe. Lakini liko la pili linalosahaulika, nalo halihitaji mahakama wala mabalozi: kila kitu cha kale kinachotoka au kuingia Uganda, nakala yake kamili iko wapi? Naandika kulitetea swali hili la pili. Historia ya akiolojia, hasa pale mataifa mahasimu yalipogombania mawe na vigae, inaonyesha kwamba aliyekishika kitu na aliyekielewa mara nyingi walikuwa watu wawili walio mbalimbali, na kilichowaunganisha ni nakala.

Chukua jiwe la Rosetta. Julai 1799 askari wa Ufaransa waliokuwa wakikarabati ngome kuukuu karibu na mji wa Rashid, Misri, walitoa ukutani ubao wa jiwe jeusi uliovunjika pembe. Ofisa wao, Pierre-François Bouchard, akaona una maandishi ya aina tatu: mistari 14 ya hieroglifi (mwandiko wa picha wa Misri ya kale), 32 ya demotiki (mwandiko wa haraka wa Wamisri) na 54 ya Kigiriki. Ubao wenyewe una kimo cha sentimita 112, upana 76, unene 28, na uzito wa kilo 760 hivi. Si kitu cha kubeba mfukoni, wala si kitu cha kuficha jeshi linaposhindwa.

Walichofanya Wafaransa mapema ni kunakili, na namna walivyonakili inafaa kuelezwa hatua kwa hatua. Januari 1800 mchapaji Jean-Joseph Marcel aliliosha jiwe, akaufuta uso wake, lakini maji akayaacha ndani ya mikato ya herufi. Juu yake akapaka wino wa mafuta. Mafuta na maji hayachangamani, kwa hiyo wino ulishika uso tu na mikato ikabaki safi. Karatasi yenye unyevu ikalazwa, ikakandamizwa, ikabanduliwa: nyeusi tii, herufi nyeupe, na zote zimegeuka kama kwenye kioo. Msomaji alikuwa akiinua karatasi kwenye mwanga na kuisoma kwa upande wa nyuma. Mwenzake, Nicolas-Jacques Conté, alifanya kinyume: alijaza wino ndani ya mikato, akaufuta uso, na herufi zikatoka nyeusi juu ya weupe. Mwaka uliofuata Raffeneau-Delile akamimina salfa iliyoyeyushwa na kupata kalibu kamili. Kila njia ina kasoro yake. Chapa ya wino haina kina, kwa hiyo ufa wa jiwe na mkato wa patasi huonekana sawa. Salfa huchukua hata mstari mwembamba kama unywele, lakini huvunjika kama sahani ya udongo. Kwa kuwa walikuwa na njia tatu, palipotia shaka kwenye moja pangeweza kukaguliwa kwenye nyingine.

Mwaka 1801 Wafaransa walishindwa Misri. Kifungu cha 16 cha mkataba wa kusalimu amri pale Aleksandria kiliwapa Waingereza vitu vya kale. Jenerali Menou alidai jiwe ni mali yake binafsi, haikumsaidia. Hata hivyo Kanali Tomkyns Turner, aliyekwenda kulichukua, aliwaruhusu wasomi wa Kifaransa kutengeneza kalibu moja zaidi kabla halijapakiwa, kwa sharti kwamba lisidhurike, na wao wakalisafisha wino wa kuchapia. Lilipofika London mwaka 1802, Jumuiya ya Wataalamu wa Mambo ya Kale ilitengeneza kalibu nne za plasta kwa ajili ya Oxford, Cambridge, Edinburgh na Dublin, na chapa zake zikatumwa kwa vyuo na maktaba za Ulaya. Mataifa hayo yalikuwa yametoka tu kuuana baharini na nchi kavu, na muda si mrefu yalianza tena.

Matokeo yake yanajulikana, ila mpangilio wake ndio wenye somo. Aliyeanza kupiga hatua kwenye demotiki ni Silvestre de Sacy akiwa Paris, kisha Msweden Johan David Åkerblad mwaka 1802, wote kwa nakala. Mwingereza Thomas Young aliingia kazini mwaka 1814, akawa anaandikiana na de Sacy wa Ufaransa. Jean-François Champollion alifanya kazi yake Grenoble na Paris, jiwe lenyewe likiwa London. Januari 1822 akapata nakala ya maandishi ya mnara wa Philae, ambayo Mwingereza William Bankes aliyachapisha na kuyasambaza; humo mlikuwa na jina Kleopatra. Akalilinganisha na jina Ptolemaio la jiwe la Rosetta: alama za P, O na L zikaangukia mahali pake katika majina yote mawili. Tarehe 27 Septemba mwaka uleule alisoma ugunduzi wake Paris, na Young alikuwa ukumbini anasikiliza. Baadaye waligombana vikali juu ya nani alitangulia. Basi nisieleweke kwamba walipendana. Nakala ilifanya kazi yake pamoja na ugomvi wao wote.

Liko pia onyo. Wino wa kuchapia na nta iliyopakwa baadaye viliufunika uso wa jiwe hata likadhaniwa ni basalti. Liliposafishwa mwaka 1999 likaonekana ni granodioraiti, lina mshipa wa rangi ya waridi upande wa juu. Kunakili kwa kugusa huacha alama, na nitarudi kwenye jambo hili nikifika kwenye michoro ya miambani ya Nyero.

Mfano wa pili unatoka Mosul, Iraki ya leo, na kwangu ndio wenye uzito zaidi. Paul-Émile Botta, konsuli wa Ufaransa, alianza kuchimba kilima cha Kuyunjik mwishoni mwa 1842, akahamia Khorsabad mwaka 1843 na kufukua jumba la mfalme wa Ashuru. Wakati wote huo alikuwa akimpelekea Mwingereza Austen Henry Layard maelezo yake pamoja na nakala za maandishi ya kikabari, yaani alama za kabari zilizochongwa, bila kumtaka aahidi chochote kuhusu atakavyozitumia. Layard mwenyewe alikiri hivyo hadharani. Mwaka 1845 alipoanza kuchimba Nimrud, alikuwa tayari anajua kuta za namna ile zinafuatwaje.

Miaka minane baadaye uungwana ule ulikuwa umekwisha. Kilima cha Kuyunjik kiligawanywa kwa maelewano: Mwingereza Henry Rawlinson alikubali upande wa kaskazini uwe wa konsuli mpya wa Ufaransa, Victor Place. Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul aliyewafanyia kazi Waingereza, hakuridhika. Desemba 1853 alipeleka wachimbaji upande ule usiku, na baada ya siku chache za kuchimba gizani wakafikia jumba la Ashurbanipal, michongo ya mfalme akiwinda simba, na mabamba ya udongo ya maktaba yake. Kwa desturi ya wakati ule aliyekuta jumba ndiye mwenye jumba, na Place akanyamaza. Tatizo si la heshima tu. Mtu anayechimba usiku, kwa haraka, akihofia kufumaniwa, hachori tabaka wala haandiki bamba lipi lilikuwa sakafu ipi. Mabamba ya jumba hilo yalipofika London yakachanganyika na yale ambayo Layard aliyatoa jumba la kusini-magharibi, na mpaka leo kuna mengi ambayo haijulikani yalitoka jumba lipi kati ya mawili.

Kisha Mei 1855. Shehena ya Place ilishuka mto Tigri kwa mashua na vyelezo vya mbao vilivyobebwa na viriba vya ngozi vilivyojazwa hewa, masanduku zaidi ya 200. Karibu na Qurna, pale Tigri na Frati zinapokutana, wanyang'anyi waliishambulia, mashua ikazama, vyelezo vikasambaratika. Masanduku machache tu yaliokolewa. Michongo mingi ya Khorsabad, pamoja na mingine ya jumba la Ashurbanipal ambayo Waingereza waliwaachia Wafaransa, ingali matopeni. Ukifungua leo kitabu kinachoonyesha michongo iliyozama, unaona nini? Unaona michoro ya msanifu majengo Félix Thomas na picha za Gabriel Tranchand, zilizopigwa wakati mawe yangali ukutani, na kwa jumba la Ashurbanipal unaona michoro ya Mwingereza William Boutcher. Penseli na karatasi ndivyo vilivyofika salama.

Sasa nije kwenye mfano unaotugusa moja kwa moja, maana jina lake limo ndani ya ardhi yetu. Mashoka ya mkono yanayookotwa Nsongezi, kando ya mto Kagera, huitwa ya Kiacheuli. Jina hilo limetoka Saint-Acheul, kitongoji cha Amiens kaskazini mwa Ufaransa. Kwa miaka mingi Jacques Boucher de Perthes wa Abbeville alisema gumegume zilizochongwa na binadamu zimelala pamoja na mifupa ya wanyama waliokwisha toweka, na wasomi wakubwa wa nchi yake hawakumsikiliza. Waliomsikiliza walikuwa Waingereza. Hugh Falconer alipita kwake mwaka 1858 na kuiona mikusanyo yake. Kwa ushawishi wake Joseph Prestwich na John Evans walivuka bahari, na tarehe 27 Aprili 1859 waliliona shoka limekaa ndani ya changarawe pale Saint-Acheul. Hawakuling'oa kwanza. Walimleta mpiga picha, akalipiga likiwa mahali pake, ndipo likatolewa. Mwezi uliofuata Prestwich alisoma taarifa mbele ya Royal Society, London, na mjadala wa Ufaransa ukaisha kwa ushahidi uliopitia kwa jirani.

Miaka minne baadaye mambo yakaharibika, na yalivyoharibika ni darasa zima. Machi 1863 wachimba changarawe wa Moulin Quignon, Abbeville, walioahidiwa zawadi ya fedha kwa mfupa wa mtu, walitoa taya. Wafaransa wakaamini, Waingereza wakatia shaka, magazeti yakaanza kurushiana maneno. Mwezi Mei ikaundwa tume ya pamoja ya nchi mbili. Taya ikakatwa kwa msumeno: ndani mfupa ulikuwa mbichi, na rangi ya udongo wa machimbo haikupenya. Mashoka yaliyotoka tabaka lile yalikuwa na makali mapya, hayana ule mng'ao na utando wa rangi ambao gumegume huupata ikikaa ardhini maelfu ya miaka. Hata hivyo tume ilipokwenda machimboni na kuona mashoka yakitoka mbele ya macho yake, upande wa Ufaransa ulishinda na taya ikatangazwa halali. Evans hakutulia. Alimtuma mtu mzoefu wa machimbo, Henry Keeping, akakae na wachimbaji, naye akakuta mashoka yalikuwa yakichomekwa kwenye changarawe.

Tume ile ilikuwa na wasomi hodari wa nchi zote mbili. Ilikosea kwa sababu iliacha kipimo cha mfupa na cha jiwe, ambavyo vilikwisha toa jibu, ikategemea macho ya siku mbili kwenye machimbo yanayolindwa na watu wenye maslahi. Ndiyo maana tunaposema kubadilishana elimu hatusemi kupeana mikono na kupiga picha ya pamoja. Tunasema kila upande uwe na sehemu yake ya sampuli, uipime kwake, na usipige kura.

Kuna aliyeficha pia, na gharama yake inajulikana. Arthur Evans, mtoto wa yule John, alianza kupata mabamba ya mwandiko wa mstari B, mwandiko wa kale ambao hakuna aliyeweza kuusoma, pale Knossos, Krete, mwaka 1900. Alipofariki mwaka 1941 alikuwa amechapisha sehemu ndogo tu. Wengine walibaki kungoja. Mwaka 1939 Mmarekani Carl Blegen alipata mengine Pylos, bara Ugiriki. Emmett Bennett wa Marekani aliyachapisha mwaka 1951, na mwaka uliofuata Michael Ventris, msanifu majengo wa London, akausoma mwandiko ule: ni Kigiriki. Ventris mwenyewe alikuwa na tabia tofauti kabisa na Evans. Kila alichokisia, hata makosa, alikiandika katika waraka wa kazi, akaurudufu na kuutuma kwa posta kwa wenzake wa nchi mbalimbali, nyaraka 20 kwa jumla. Nusu karne ya kungoja kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine mwaka mmoja na kidogo.

Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika habari hii. Januari 1947 Louis Leakey aliitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya historia ya kale kabla ya maandishi, chini ya urais wa padri Mfaransa Henri Breuil. Walikuja wataalamu kutoka makoloni ya Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Ureno, watu ambao mpaka hapo kila mmoja aliita zana zilezile kwa jina la kwake. Walipelekwa Olorgesailie, Kenya, kuyaona mashoka ya mkono yakiwa yametapakaa mahali yalipoachwa. Kutoka Uganda lilitumika jina la Sango, ghuba ya ziwa Viktoria ambako E. J. Wayland, mkuu wa Idara ya Jiolojia, alipata mwaka 1920 zana nzito za kuchongea. Leo mtaalamu wa Angola au wa Kongo akisema "Kisango", anataja ghuba yetu.

Lakini Wayland alitupa pia somo la pili, la uchungu. Alidai kwamba Afrika ilipitia enzi za mvua kubwa zilizolingana na enzi za barafu za Ulaya, na enzi ya kwanza ikaitwa kwa jina la Kagera. Majina ya enzi hizo yalienea bara zima. Mtu akipata changarawe Zambia au Kenya aliipa jina la enzi, kisha aliitumia enzi hiyo kukadiria umri wa zana zilizomo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 wanajiolojia, akiwamo Richard Foster Flint wa Marekani, walionyesha kwamba ushahidi hautoshi: kupanda na kushuka kwa maji bonde la Kagera na ziwa Viktoria kulitokana kwa sehemu kubwa na ardhi kujikunja na mito kugeuka, si mvua peke yake. Majina yakaachwa, na umri wa maeneo mengi ukabidi ukadiriwe upya. Kosa lilikuwa lipi? Watu walibadilishana majina bila kubadilishana vipimo. Jina husafiri kwa barua moja. Mchoro wa tabaka, sampuli ya udongo na kimo kutoka usawa wa bahari huhitaji kazi, kwa hiyo vilibaki nyuma.

Na kwetu? Kichwa cha udongo cha Luzira, kilichofukuliwa na wafungwa mwaka 1929 kwenye eneo la jela, kiko London. Kwa kuwa hakikuchimbwa kwa utaratibu, umri wake umebishaniwa tangu hapo. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yaliyofikishwa Cambridge kwa mkono wa mmisionari John Roscoe, yalirudi mwaka 1962. Mwaka 2011 fuvu la nyani mkubwa wa miaka milioni 20 lilitoka Napak, Karamoja, likapelekwa Paris kusafishwa na kupigwa eksirei. Sipingi kupelekwa huko. Vifaa viko huko. Ninachotaka ni kwamba sanduku lisifungwe kabla orodha ifuatayo haijatimizwa, na sharti hilo liandikwe ndani ya kibali chenyewe, na sahihi ya mwisho itolewe tu Jumba la Makumbusho pale Kitante likikiri kwa maandishi kupokea.

Kwanza vipimo vya mkono: uzito, urefu, upana, unene, na maelezo ya kila ufa, kwa maneno na kwa mchoro. Kisha fotogrametria, yaani picha nyingi zinazogeuzwa na kompyuta kuwa umbo kamili. Kamera ya kawaida inatosha. Zunguka kitu katika vimo vitatu, picha moja kila nyuzi 10, ni picha 36 kwa mzunguko. Kigeuze chini juu, ongeza mzunguko mmoja na picha za karibu palipo na alama. Utafika 150. Kila picha iingiliane na jirani yake kwa theluthi mbili hivi, la sivyo kompyuta haiwezi kuziunga. Mwanga uwe mtulivu, wa kivuli au kupitia kitambaa cheupe. Mwako wa kamera huhama pamoja na kamera na vivuli vyake huidanganya programu. Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kusahau kuweka rula ndani ya picha. Umbo hutoka zuri, linazunguka kwenye skrini, lakini hakuna ajuaye ni la sentimita 5 au 50. Weka rula mbili, na kadi ya rangi, halafu upime sehemu tatu za kitu kwa kalipa na kulinganisha na umbo la kompyuta. Zikitofautiana zaidi ya milimita moja kwa kitu cha sentimita 30, rudia.

Plasta na silikoni ziachwe kwa vitu vigumu visivyonyonya. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo, kama vyungu vyetu vingi vya kale, hufyonza mafuta ya silikoni na kubaki na doa lisilotoka. Lubugo (kitambaa cha gome la mti), ngozi na nyuzi zisiguswe kabisa. Mwanga unaopita ubavuni huonyesha mshono na mkunjo kuliko kalibu yoyote. Na michoro ya miambani ya Nyero, kule Kumi, isilowanishwe, isipigiwe chaki, isibandikwe karatasi. Karatasi mbichi iliyogongwa kwa brashi ilitumika sana Misri katika karne ya 19 kunakili michongo, na ilipobanduliwa iliondoka na rangi iliyodumu miaka elfu tatu.

Daftari la uwandani ni zito kuliko kitu chenyewe. Mchimbaji aache nakala ya kila ukurasa, michoro ya kuta za shimo kwa kipimo cha 1 kwa 10 au 1 kwa 20, ramani yenye alama ya kudumu ambayo mwingine anaweza kuirudia, na orodha ya picha. Asiseme atazituma akifika kwao. Makaa ya kupimia umri yafungwe kwenye karatasi ya aluminiamu, si pamba wala karatasi ya kawaida, maana nyuzi zake ni kaboni ya jana. Yakaushwe kwanza kivulini, kwa sababu kuvu ikiota nayo ni kaboni mpya. Na asivute sigara mtu yeyote juu ya shimo. Maabara za sasa zinahitaji miligramu chache tu. Kwa hiyo kila sampuli igawanywe, nusu ibaki Kampala na lebo yake, na namba ya maabara iandikwe kwenye ripoti ili miaka 20 ijayo mtu apime nusu iliyobaki na kuona kama majibu yanalingana. Moulin Quignon wangefanya hivyo, pasingekuwa na ugomvi wa majira yote ya joto.

Mafaili yawe nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo lingine kabisa. Yahifadhiwe kwa miundo iliyo wazi, TIFF kwa picha na PLY kwa maumbo. Faili linalofunguliwa na programu moja tu hufa pamoja na leseni yake. Jina la faili liwe namba ya kitu kwenye daftari la makumbusho. Na orodha ichapishwe pia kwenye karatasi isiyo na asidi, iwekwe kabati la chuma, maana mchwa wa Kampala hawana haja ya nywila.

Najua pingamizi litakalokuja, tena litatoka kwa wasomi wetu wenyewe: tukimpa mwingine nakala atachapisha kabla yetu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Dawa yake ni tarehe. Nakala ikipokelewa kwa muhuri wa siku na saa, na mchimbaji akapewa miaka miwili ya kutangulia kuchapisha, ugomvi wa namna ya Young na Champollion unakuwa jambo la kufungua daftari. Bila tarehe, kila mmoja atabaki na kumbukumbu yake.

Mabadilishano haya yaanze na majirani. Uganda na Tanzania zilipigana mwaka 1978 na 1979, vita ambavyo wengi bado wanaviita kwa jina la Kagera. Uganda na Kongo zimefikishana mahakama ya The Hague. Lakini changarawe za Kagera ziko kingo zote mbili, na Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Rutanzige, iko ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mfupa wenye mikwaruzo ya hesabu uliochimbwa huko na Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 uko Brussels, kwa hiyo mwanafunzi wa Beni na wa Kasese wote wawili wanautazama kwenye picha. Dar es Salaam na Kinshasa zipewe seti moja ya kila tunachonakili Nsongezi na kando ya Semliki, nasi tuombe zao.

Kuhusu vile vitu 39, miaka mitatu ya mwanzo inaishia 2027. Picha 150 kwa kila kimoja ni picha 5,850. Watu wawili, kamera moja, meza inayozunguka na kitambaa cheupe dirishani, kitu kimoja kwa siku: siku 39 za kazi, yaani wiki nane zisizotimia. Naliomba Jumba la Makumbusho litangaze katika gazeti hili siku ya kuanza.

Wako,
Msomaji, Kamwokya, Kampala